Kiatu cha Baniani na taa za Diwali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Najua barua mnazochapa huwa fupi, na hii haitakuwa fupi. Nimeikalia karibu mwaka mzima, na kila nikiipunguza inanirudia na la ziada.

Mwaka jana, siku chache baada ya Diwali, gazeti lako lilitoa picha ya fataki zikichanua juu ya mapaa ya nyumba. Chini yake palikuwa na mistari minne tu: kwamba Wahindi wameadhimisha sikukuu yao ya fataki, na kwamba baadhi ya wakazi wamelalamika kukosa usingizi. Juu ya picha, kwa herufi kubwa, mkaweka methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Mimi ni Mtanzania, Mhindu, mwanamke wa miaka 69, mzaliwa wa Tanga. Baba yangu alikuwa fundi viatu. Methali hiyo nimeisikia tangu sijaota meno ya pili, nimekaa chini ya meza ya baba naokota misumari iliyomdondoka. Nilipoiona imebandikwa juu ya usiku tunaouheshimu kuliko usiku wowote wa mwaka, moyo uliniuma. Nikachukua mkasi, nikaikata ile picha, nikaitia ndani ya daftari la madeni la marehemu baba. Iko humo mpaka leo. Diwali ya mwaka huu, 2026, inaangukia Jumapili ya tarehe 8 Novemba, nami naandika mapema, kabla mpiga picha wenu hajatumwa kwenda kutafuta fataki.

Nianze na jina, maana huko ndiko mlikoanza kuteleza. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Mtaa niliokulia ulikuwa na fundi saa wa Kibohora, Muislamu asiyekosa msikitini. Ulikuwa na karani wa Kigoa aliyekwenda kanisani kila Jumapili na suti yake nyeupe. Ulikuwa na seremala Singasinga. Wote hao ni Wahindi, na hakuna hata mmoja aliye Mhindu. Singasinga huwasha taa usiku ule ule wa Diwali, lakini kwa kisa chake mwenyewe, cha kiongozi wao wa dini, Guru Hargobind, kutoka kifungoni. Wajaini, watu wa dini nyingine ya India, nao huwasha, wakikumbuka kufariki kwa mwalimu wao Mahavira. Na wako Wahindu, kama wale wa Nepal na wa kisiwa cha Bali, ambao si Wahindi hata chembe. Kwa hiyo mkiandika kwamba Wahindi wamesherehekea Diwali, mnamwingiza Bohora katika sikukuu isiyo yake, na mimi mnanitoa katika nchi yangu.

Neno Baniani ni la zamani zaidi. Ni jina la tabaka la wafanyabiashara wa Gujarat, na wazee wa pwani, kwa kuwa hao ndio waliowaona kwanza wakishuka na majahazi, wakalitumia kwa kila Mhindu. Baba yangu hakuwa Baniani. Alikuwa mochi, yaani mtu wa ukoo wa mafundi wa ngozi. Na hapa niseme lisilopendeza, usije ukadhani nimekuja kuwasafisha watu wangu. Kwa kuwa alishika ngozi, baba alikuwa mtu wa chini hata mbele ya Wahindu wenzake. Ziko nyumba hapa Tanga alizopeleka viatu akapokelewa mlango wa uani, na akiomba maji akamiminiwa kwenye viganja asije akashika kikombe. Huku mteja wa Kiafrika akichelewa kulipa anamwita Baniani, huku Baniani mwenyewe hataki kumpa kikombe. Katikati ya hayo mawili ndipo alipoweka meza yake, akashona makubadhi ya watu wa mjini na makatambuga ya matairi kwa wakata mkonge.

Sasa nikueleze kwa nini kiatu na Diwali, nyumbani kwetu, ni kitu kimoja.

Neno lenyewe, Dipavali, maana yake ni safu ya taa. Kisa wanachokisimulia wengi ni cha Rama. Mfalme Dasharatha wa Ayodhya alikuwa na wake watatu na wana wanne. Alipotaka kumtawaza Rama, mwanawe mkubwa, mke mmoja, Kaikeyi, akamkumbusha ahadi aliyompa zamani kwamba atamtimizia maombi mawili. Akaomba mwanawe Bharata atawale, na Rama aende mwituni miaka 14. Neno la mfalme lilikwisha toka. Rama akaondoka, na mkewe Sita na mdogo wake Lakshmana wakafuatana naye. Bharata siku hizo alikuwa safarini, hajui lolote. Aliporudi na kuambiwa kuwa kiti ni chake, alimlaumu mama yake, akamfuata kaka yake mwituni akamsihi arudi. Rama akakataa: ahadi ya baba ni ahadi. Basi Bharata akamwomba viatu vyake. Akavibeba juu ya kichwa mpaka nyumbani, akaviweka kwenye kiti cha enzi, na yeye akaenda kukaa nje ya mji, akaendesha nchi kwa niaba ya jozi ya viatu mpaka miaka 14 ikatimia.

Baba alikuwa anasimulia huku anashona, lakini akifika hapo kwenye viatu lazima aweke sindano chini. Ukutani mwa karakana palikuwa na picha ya kalenda inayoonyesha viatu hivyo: vya mti, vyenye kigingi cha kubana kwa vidole viwili, ndugu kabisa wa mitalawanda waliyovaa bibi zetu hapa pwani wakienda kisimani. Siku moja mteja alitamka ile methali mbele yangu, akaondoka na viatu vyake bila kulipa. Baba hakumjibu. Usiku nikamuuliza kwa nini amemwita mbaya. Akaniambia, "Mwanangu, nimeisikia nusu ya pili tu. Kiatu ni dawa. Hata Bharata alilijua hilo."

Rama alirudi baada ya kumshinda Ravana, mfalme wa Lanka aliyemteka Sita. Alirudi usiku usio na mwezi. Watu wa Ayodhya wakawasha taa za udongo milangoni, madirishani na kandokando ya njia, ili anayerudi nyumbani aione njia. Ndani ya kisa hicho hakuna mzinga wala baruti, Mhariri. Mna utambi na mafuta.

Sidai kuwa Wahindu wote husimulia hayo hayo. Bengali usiku huo ni wa mungu wa kike Kali. Kusini mwa India husimulia ushindi wa mungu Krishna dhidi ya jitu Narakasura. Kwetu Wagujarati, pamoja na Rama, ni usiku wa Lakshmi, mungu wa kike wa neema, ambaye huingia katika nyumba iliyofagiliwa na yenye mwanga. Ndiyo maana wiki nzima kabla yake utamkuta mwanamke wa Kihindu amepanda kiti anafuta utando wa buibui, ameanika magodoro, amepaka chokaa. Mama hakuwa na cha kumwonyesha Lakshmi ila usafi, na kwa usafi hakumpa nafasi ya kulalamika.

Tuliishi nyumba ya kupanga, Ngamiani. Mama mwenye nyumba alikuwa Mdigo, na wanawe walikuwa wenzangu wa kucheza. Asubuhi ya Diwali mama alichora maua ya rangi pale kizingitini. Tunayaita rangoli, na usishangae kusikia rangi humo ndani, ni maneno ya asili moja. Nyeupe ilikuwa unga wa mchele, njano ilikuwa manjano ya jikoni, na buluu ilikuwa ile ya kufulia nguo nyeupe. Kisha akakunja ngumi, akachovya ubavu wake katika uji mwepesi wa unga wa mchele, akagonga sakafuni: pa! Ikatoka alama ya unyayo mdogo kama wa mtoto mchanga. Kwa ncha ya kidole akaongeza vidoa vitano vya vidole. Mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akarudi kinyumenyume kutoka mlangoni hadi kwenye kona ya sala, nyayo zote zikitazama ndani. Kitinda mimba wa mama mwenye nyumba, mvulana wa miaka mitano hivi, akazifuata nyayo zile ameinama, hatua kwa hatua, mpaka akagota ukutani. Akauliza, "Huyu mtoto aliyeingia yuko wapi?" Mama akampa kipande cha halua. Huyo mvulana mkumbuke, nitarudi kwake.

Vitaa tulivinunua sokoni kwa mama wa Kisambaa aliyeuza vyungu. Alituchomea vibakuli vya udongo vya kukaa kiganjani. Utambi tulisokota wenyewe: unavuta pamba kiasi cha kucha, unalowesha kiganja kwa tone la maziwa, unaisokota mpaka iwe na kiuno na kichwa. Samli ilikuwa ghali, kwa hiyo samli ilikwenda kwenye taa moja tu, ya Lakshmi. Zilizobaki zilikunywa mafuta ya nazi, na ua mzima ukanukia kama jiko la wali.

Sikukuu yenyewe si ya siku moja. Siku ya kwanza mtu hununua kitu cha madini. Wenye nacho hukimbilia kwa sonara, baba alinunua pakiti ya sindano za kazi na akairidhia. Siku ya pili ndiyo iliyotaka kututoa katika nyumba ile.

Usiku wa kuamkia Diwali tunauita Kali Chaudas. Ni desturi ya wanawake wa Kigujarati kukaanga bajia usiku huo na kuzipeleka njia panda. Unachora duara kwa maji ya kopo, unaweka bajia ndani ya duara, unarudi nyumbani bila kugeuka nyuma. Maana yake umeutoa ugomvi wa nyumba nje, umeuacha njiani. Bibi yangu aliifanya hivyo kijijini kwao Gujarat, na akaifanya Ngamiani. Sasa wewe ni mtu wa nchi hii, Mhariri. Mwanamke mzee, usiku, njia panda, chakula ndani ya duara. Hujahitaji kuambiwa watu walisema nini asubuhi.

Walikuja wanawake watano, wamejifunga kanga kifuani, mama mwenye nyumba yuko mbele.

"Hodi hapa."

"Karibuni, dada zangu," mama akaitikia, jasho linamtoka.

"Shoga, hatukuja kwa shari. Mama mkwe wako ameonekana njia panda usiku. Ameweka nini?"

Bibi Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba chumvi na kuagiza kuni, hakikufika huko. Mama akaeleza: ni bajia za dengu, humo hamna jina la mtu, kinachoondolewa ni ugomvi wa ndani ya nyumba yetu wenyewe, kila mwaka mara moja. Mama mwenye nyumba akanyamaza akimtazama bibi. Kisha akasema, "Basi hiyo ni kafara. Kafara hata sisi tunatoa." Akawageukia wenzake akawaambia waende makwao. Alipofika mlangoni akarudi: "Ila mwakani mniambie mapema, watoto wasije wakaziokota wakala."

Mwaka uliofuata aliambiwa mapema. Bibi alikuwa ameanza kutoona vizuri, na aliyemshika mkono mpaka njia panda, koroboi mkono wa pili, ni mama mwenye nyumba.

Usiku wa Diwali wenyewe, baada ya taa kuwashwa, wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua madaftari mapya ya hesabu na kuyaombea. Kwenye maduka makubwa ni vitabu vyenye jalada la kitambaa chekundu. La baba lilikuwa daftari la shule. Alilitandika juu ya kitambaa safi, akaweka jani la tambuu na juu yake popoo moja, inayosimama badala ya mungu Ganesha, mwondoa vikwazo. Akatia doa la unga mwekundu na punje za mchele. Ukurasa wa kwanza akaandika Shri, neno la heri, mara moja, chini yake mara mbili, chini yake mara tatu, mpaka ikawa kama paa la nyumba. Upande mmoja Shubh, upande wa pili Labh, yaani heri na faida. Kisha tarakimu ya moja na robo, ambayo ni dua ya kuongezeka. Na ile alama ya msalaba wenye miisho iliyokunjwa, ambayo vijana wakiiona wananiuliza kwa nini tunaweka alama ya Hitler. Wanangu, alama hiyo ilikuwa kwenye milango yetu maelfu ya miaka kabla Hitler hajazaliwa. Maana yake ni heri.

Mwaka 1966 baba aliandika juu ya jalada: mwaka 2023. Nikamwambia amekosea. Ndipo akanifundisha kuwa kalenda yetu ya Vikram iko mbele kwa miaka 57 mwaka mpya ukishaingia, na kwamba mwaka wa Kigujarati huanza baada ya Diwali. Ndiyo maana tarehe 10 Novemba mwaka huu tutaingia 2083. Usiku huo huo wa 1966 alinipa kazi ya kusoma majina kutoka daftari la zamani ili ayahamishie kwenye jipya. Bei ya mkonge ilikuwa imeshuka na mashamba yanapunguza watu. Nikasoma: fulani, makatambuga jozi moja, shilingi mbili. Akauliza, "Bado ana kazi?" Nikasema walimpunguza. "Huyo muache kwenye la zamani." Nikasoma mwingine, na mwingine. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua hesabu, nilijua pia kuwa sare yangu ya shule haijanunuliwa. Tulipomaliza, ukurasa wa kwanza wa daftari jipya ulikuwa na majina sita tu. Daftari la zamani sikulitupa. Ndilo lenye picha yenu.

Mtaniuliza kwa nini Diwali haina tarehe ya kudumu, maana hilo pia huandikwa ovyo. Ni ya mwezi, kama Idi. Mwaka wa mwezi una siku kama 354, pungufu siku 11 za ule wa jua. Waislamu huuacha uende, ndiyo maana Ramadhani inazunguka kiangazi na masika. Sisi kila baada ya miaka kama mitatu huongeza mwezi wa kumi na tatu, basi Diwali haitoki katika Oktoba na Novemba. Mwezi huo wa ziada mwaka huu uliingia kati ya Mei na Juni, na ndio ulioisogeza Diwali kutoka 20 Oktoba ya mwaka jana hadi 8 Novemba. Lakini daima ni usiku wa mwezi kufa, giza totoro. Kuanzia 2004 hadi 2006, miaka mitatu mfululizo, Ramadhani iliishia kwenye giza lile lile. Sisi tuliwasha taa mwezi ulipokufa, na siku moja mbili baadaye wenzetu wakatoka kuutazama mwandamo. Mume wangu, aliyeirithi meza ya baba, alishona viatu vya Idi usiku wa Diwali kwa mwanga wa taa za Diwali, maana umeme ulikatika na wateja walikuwa wamepanga foleni mpaka barabarani. Mpaka leo wapo wanaonikumbusha usiku ule.

Na salamu yetu ya mwaka mpya ni "Saal Mubarak". Mubarak hiyo hiyo mnayoijua. Majirani zangu wakinisikia huitika kabla sijamaliza.

Kuhusu fataki, niko upande wa waliolalamika. Utotoni tulikuwa na vijiti vya cheche, kila mtoto kimoja, kimezimika basi. Mizinga ya sasa inayotikisa madirisha saa sita usiku inawaamsha wachanga na wagonjwa, na mimi mwenyewe naiogopa. Hata India, Mahakama ya Juu mwaka 2018 iliagiza fataki za Diwali zipigwe kati ya saa 2 na saa 4 usiku tu, kwa ajili ya moshi unaowafunga watu vifua. Vijana wetu wafuate hivyo, na wazazi wao wawaambie. Lakini anayepiga fataki usiku wa manane siyo anayesali. Mnapompiga picha yeye mkaandika Diwali, ni kama mtu aende kumpiga picha dereva wa bodaboda anayepiga honi usiku wa Idi, kisha aandike kuwa hiyo ndiyo swala.

Sikuombi muifute methali. Ni mali ya Kiswahili, na Kiswahili ni mali yangu pia. Sina lugha nyingine ninayoota nayo. Nawaomba msiiweke juu ya ibada.

Nimesema nitarudi kwa yule mvulana. Siku ya mwisho ya sikukuu ni Bhai Bij, siku ya dada na kaka. Dada humwalika kaka yake, humpaka alama nyekundu kwenye paji la uso, humwombea umri, humlisha mpaka ashindwe, na kaka huleta zawadi. Mimi nilikuwa na kaka mmoja. Majumba yalipotaifishwa mwaka 1971, baba hakuwa na jumba la kutaifishwa, lakini wenye maduka walioondoka walikuwa ndio wateja wake wa viatu vya ngozi, na kazi ikakatika. Kaka akaenda Leicester, Uingereza, mwaka 1973. Huko Diwali ni kubwa, Belgrave Road hujaa watu na taa mpaka magari hayapiti. Hunipigia simu akiwa katikati ya zile kelele, simsikii vizuri.

Bhai Bij ya kwanza bila yeye, mama alipakua sahani yake kwa mazoea. Ikakaa mezani inapoa. Yule mvulana wa mama mwenye nyumba, wakati huo kijana mwenye ndevu za kwanza, alikuwa anapita uani. Akasimama mlangoni, akaitazama sahani, akamtazama mama, akanawa mikono, akakaa akala yote. Mama alilia. Tangu hapo ni zaidi ya miaka 50, na hajakosa mwaka hata mmoja. Simpaki alama ya paji la uso, kwa heshima ya dini yake, namlisha tu. Yeye huniletea doti ya kanga. Siku ya Idi kwake nami nina sufuria langu dogo, lisilopikiwa nyama, analisugua mkewe mwenyewe na kulitundika mahali pake. Sasa hivi anatembelea mkongojo, na viatu anavyovaa ni makubadhi aliyomshonea marehemu mume wangu, nimeyabadilisha kanda mara mbili.

Kwa hiyo, Mhariri, mtume mwandishi wenu kijana, mwanamke au mwanamume, aje kwangu Ngamiani wakati wowote kuanzia Ijumaa ya tarehe 6 hadi Jumatano ya tarehe 11 Novemba. Akitaka kuliona daftari, nitamwonyesha. Akija Jumatano atamkuta ndugu yangu, nasi tutakula chakula pamoja. Nyumba ataijua kwa taa. Viatu avivulie mkono wa kushoto wa mlango, kwa sababu kulia kuna nyayo za unga.

Binti wa fundi viatu,
Ngamiani, Tanga